Kinundu Shingoni: Utangulizi wa Viashiria vya Saratani ya Thairoidi

Chukua watu wazima wasiolalamika ugonjwa wowote, uwapime shingo kwa altrasaundi mmoja baada ya mwingine, na utakuta vinundu kwenye tezi ya thairoidi kwa wingi wa kushtua. Tafiti zimepata kuanzia asilimia 19 hadi 68 ya watu, kutegemea umri wao na ubora wa mashine. Daktari anayepapasa kwa vidole tu hugundua vichache zaidi, kama asilimia 5. Katika vinundu vinavyofikishwa hospitalini na kuchunguzwa kikamilifu, vyenye saratani ni kati ya 7 na 15 kwa kila 100. Vilivyobaki ni mikusanyiko ya seli zisizo na madhara, vifuko vya maji, au mabaki ya uvimbe wa zamani. Vinundu ni vingi, saratani ni chache, na hakuna mpasuaji anayeweza kufungua kila shingo. Fani ambayo kitabu hiki kinamkaribisha msomaji imezaliwa kutokana na hali hiyo.

Kiashiria, kwa maana itakayotumika humu, ni kitu chochote kinachopimika, kiwe protini ya kwenye damu, protini ya ndani ya seli au badiliko la jeni, ambacho kuwapo kwake au kukosekana kwake kunasogeza uamuzi upande wa saratani au kuuondoa huko. Nimesema kunasogeza, sikusema kunakata shauri. Wanafunzi wengi huingia darasani wakitafuta kipimo kimoja cha kusema ndiyo au la, na wengine hutoka wakiwa bado wanakitafuta. Ningependa waachane na matumaini hayo mapema, kwa sababu yanawazuia kuona uzuri wenyewe wa kazi hii: kila kiashiria hujibu swali lake, na jibu lile lile hubadilika uzito kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusikate tu na kuangalia. Tezi hii imelalia koo la hewa. Nyuma yake hupita mishipa ya fahamu inayoendesha sauti, na mgongoni mwake zimeng'ang'ania tezi ndogo nne zinazosimamia kalsiamu mwilini. Mkono ukiteleza, mgonjwa anaamka na sauti ya kukwaruza, au vidole vyake vinaanza kukakamaa. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii, aliona wagonjwa aliowaondolea tezi nzima wakivimba, wakipooza akili na wakizorota mwili, akaacha kuing'oa yote kwa ugonjwa usio saratani. Leo tuna vidonge vya levothairoksini vya kujazia homoni ya tezi iliyoondolewa, na havina shida kwa mtu anayeishi karibu na duka la dawa lisiloishiwa. Kwa anayepanda basi nusu siku kufuata vidonge atakavyomeza kila siku ya maisha yake yote, kuondolewa tezi bila sababu ya maana ni hasara isiyofidiwa.

Kabla ya kiashiria chochote huja hatua tatu zisizorukwa. Kwanza damu hupimwa TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi: ikiwa chini sana, huenda kinundu chenyewe ndicho kinachozalisha homoni za tezi kupita kiasi, na vinundu vya aina hiyo ni nadra kuwa saratani. Kisha altrasaundi, ambayo hutazama kama kingo zimechongoka, kama kinundu ni cheusi kuliko nyama inayokizunguka, kama kina chembechembe za chokaa, na kama kimo chake kinazidi upana wake. Hatua ya tatu ni sindano, na hapa inafaa kusogea karibu.

Sindano yenyewe ni nyembamba kuliko ile ya kutolea damu. Mtaalamu huiingiza kwenye kinundu na kuichezesha mbele na nyuma mara kadhaa kwa haraka, huku akifuata ncha yake kwenye skrini. Kinachotoka ni tone dogo. Hulidondosha kwenye kioo na kulitandaza kwa kioo kingine kwa mkono mwepesi, maana akikandamiza seli hupasuka na akizubaa damu huganda. Vioo vingine huachwa vikauke na kupakwa rangi ya Giemsa. Vingine huingizwa papo hapo kwenye alkoholi vikisubiri rangi ya Papanicolaou. Nimeona vioo vingi vilivyoharibika katika dakika hizo chache, na hakuna kiashiria, hata kiwe cha bei gani, kinachoweza kumwokoa mgonjwa na kioo kibaya.

Chini ya hadubini, saratani ya papilari hujitaja yenyewe. Ndiyo iliyo nyingi kuliko zote, takribani nane katika kila kumi. Viini vya seli zake ni vikubwa, vimebanana hadi vinalaliana, vimepauka katikati, na vingi vina mfereji uliopita kwa urefu. Mara nyingine ndani ya kiini huonekana kiduara chenye kingo kali, ambacho ni sehemu ya saitoplazimu iliyojisukuma ndani. Msomaji wa vioo mwenye uzoefu akiviona hivyo vyote pamoja hahitaji kiashiria chochote.

Ugumu uko kwa ndugu yake, saratani ya folikula. Seli za adenoma ya folikula, ambayo haina madhara, na seli za saratani ya folikula zinaweza kufanana kabisa. Tofauti yao haiko kwenye seli, iko kwenye mwenendo: saratani imetoboa ganda linalozunguka kinundu au imeingia kwenye mishipa ya damu, adenoma haikufanya hivyo. Mnunuzi wa mchele huchoma bambo kwenye gunia, akapata punje kiganjani na kujua ni mchele wa aina gani, lakini bambo halimwambii kama gunia limechanika upande wa pili. Sindano nayo ni hivyo. Inaleta seli, hailileti ganda. Ganda huonekana tu baada ya kinundu kutolewa kizima na kukatwa vipande, yaani baada ya upasuaji tuliokuwa tukijaribu kuuepuka.

Mwaka 2007 wataalamu walikutana Bethesda, Maryland, wakakubaliana kuripoti majibu ya sindano kwa makundi sita. Kundi la pili ni lisilo saratani, la sita ni saratani. Katikati kuna kundi la tatu, la seli zenye sura isiyoeleweka, na la nne, la uvimbe wa folikula. Toleo la 2023 la mfumo huo linakadiria kwamba saratani hupatikana kwa wastani katika asilimia 22 ya vinundu vya kundi la tatu na asilimia 30 ya vile vya kundi la nne. Makundi haya mawili ndiyo shamba letu. Karibu kila kitu kitakachofuata kitabuni kinamhusu mgonjwa aliyesimama hapo katikati, mwenye barua ya majibu isemayo kwamba jibu halijulikani.

Tuanze na damu, kwa kuwa kila mtu hutamani jibu litoke huko. Thairoglobulini ni protini inayotengenezwa na seli za thairoidi peke yake, na kwa sababu hiyo wengi hudhani ndiyo kiashiria bora. Ni bora kweli, ila kwa swali jingine. Seli zenye afya huitengeneza, seli za saratani huitengeneza, na rovu kubwa lisilo na saratani yoyote huimwaga kwenye damu kwa wingi kuliko saratani ndogo. Kumpima mtu mwenye kinundu thairoglobulini ili kujua kama ana saratani ni kupoteza fedha zake. Thamani yake huanza baada ya tezi yote kuondolewa na mabaki kuunguzwa kwa iodini ya mionzi. Kuanzia hapo haipaswi kuwapo, na ikirudi kupanda inatuambia kwamba ugonjwa umebaki mahali fulani. Hata hapo kuna mtego: takribani robo ya wagonjwa wa saratani hii wana kingamwili dhidi ya thairoglobulini, na kingamwili hizo huweza kuifanya isomeke chini kuliko ilivyo. Maabara inayotoa namba ya thairoglobulini bila namba ya kingamwili zake imetoa nusu ya jibu.

Kalsitonini ni habari tofauti. Ndani ya tezi, kando ya seli za kawaida, zimo seli chache ziitwazo seli C, na hizo ndizo chanzo cha saratani ya medula, ambayo ilitambuliwa kuwa ugonjwa unaojitegemea mwaka 1959. Seli C hutoa kalsitonini, na saratani yake huitoa kwa wingi. Kinundu kinapoambatana na kalsitonini inayozidi pikogramu 100 kwa mililita, shaka huwa kubwa sana. Hiki ndicho kipimo pekee cha damu kinachokaribia kutaja jina la saratani kabla ya upasuaji. Hata hivyo saratani ya medula ni kama asilimia 1 au 2 tu ya saratani za thairoidi, na kalsitonini hupanda kidogo kwa sababu nyingine: figo zilizochoka, dawa za kupunguza asidi tumboni, uvimbe wa sehemu nyingine. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu wa Ulaya hupenda kumpima kila mwenye kinundu, ilhali mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa mwaka 2015 haukutaka kupendekeza wala kukataza. Mimi nawaunga mkono wanaopima pale penye sababu, hasa ukoo wenye historia ya ugonjwa huu, kwa kuwa takribani robo ya saratani za medula hurithiwa kupitia jeni ya RET. Jambo moja la utendaji lisisahaulike: kalsitonini huharibika katika joto. Damu inayosubiri usafiri mezani Mombasa au Dar es Salaam bila barafu huweza kuleta namba ndogo inayotuliza watu bure.

Kundi la pili la viashiria halipimwi kwenye damu. Hutafutwa kwenye seli zenyewe, kwa kingamwili zenye rangi. Kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye fomalini huzamishwa katika nta, kikakatwa nyembamba, mikroni tatu au nne, kikachemshwa ili protini zilizojikunja zifunguke, kisha kikapewa kingamwili inayoshika protini moja tu. Palipo na protini hiyo hutokea rangi ya kahawia. Viini vya seli hubaki na rangi ya samawati. Tone la sindano nalo laweza kutengenezewa kibonge cha nta na kupimwa vivyo hivyo.

Hapa majina matatu yatamwandama msomaji. HBME-1 ni kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya kutambua saratani ya utando unaofunika mapafu, na herufi zake mbili za kwanza ni za Hector Battifora. Kufaa kwake kwa thairoidi kulionekana baadaye. Saitokeratini 19 ni protini ya kiunzi cha seli. Saratani ya papilari huipaka kahawia kali na iliyoenea, lakini uvimbe wa Hashimoto, yaani wa tezi inayoshambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, na hata kovu la pale sindano ilipopita, navyo hupata madoa yake. La tatu ni galektini-3, ambalo nitakaa nalo kidogo.

Galektini-3 hushika sukari za juu ya protini nyingine, na inahusika na jinsi seli zinavyoshikana na zinavyokwepa kufa. Seli ya thairoidi yenye afya kwa kawaida haina. Seli ya saratani mara nyingi inayo. Mwaka 2008 kundi la watafiti wa Italia, wakiongozwa na Armando Bartolazzi, lilichapisha utafiti wa hospitali nyingi juu ya vinundu vya folikula ambavyo sindano ilishindwa kuvitolea jibu. Kipimo kilinasa saratani 78 katika kila 100, na kiliwaacha huru 93 katika kila 100 wasio na saratani. Ni kazi nzuri, na ningemshauri kila anayeanza aitafute. Lakini ajue pia mitego ya mezani. Makrofaji, seli zinazosafisha uchafu, zina galektini-3 nyingi, na kinundu chenye maji kimejaa makrofaji. Anayesoma kwa haraka ataona kahawia na kuandika saratani. Tena, baadhi ya seli za thairoidi zina biotini yake ya asili, na mbinu za kupaka rangi zinazotegemea biotini huzipaka kahawia hata kama protini inayotafutwa haimo.

Tuzitumie namba hizo za 78 na 93, kwa sababu ndani yake mna somo ambalo vitabu vingi hulipita mbio. Wawepo watu 1000 wenye vinundu visivyo na jibu, na robo yao wana saratani. Katika 250 wenye saratani kipimo kitanasa 195 na kukosa 55. Katika 750 wasio nayo, kitawashuku kimakosa kama 53. Walioambiwa wana dalili ya saratani ni 248, na karibu wanne katika kila watano wanayo kweli. Si haba. Sasa chukua kipimo hicho hicho, kingamwili ile ile, fundi yule yule, ukipeleke kwa watu 1000 ambao ni 50 tu wenye saratani. Kitanasa 39, na kitawashuku kimakosa kama 67. Walioshukiwa ni 106, na wenye saratani ni zaidi kidogo ya theluthi. Kemikali haikubadilika hata chembe. Waliobadilika ni watu. Na wale 55 wa kundi la kwanza wasisahaulike: jibu safi la galektini-3 halimruhusu daktari kumwambia mgonjwa aende zake asirudi.

Kundi la tatu la viashiria ni jeni, na ndiko fani inakokimbilia kwa kasi. Badiliko la BRAF liitwalo V600E lilielezwa katika saratani mwaka 2002, na mwaka uliofuata likaonekana katika saratani ya papilari, ambamo hupatikana katika karibu nusu ya wagonjwa au zaidi. Likionekana kwenye seli za kinundu, ni saratani karibu bila ubishi. Lisipoonekana, halijasema lolote, hasa kwa vinundu vya folikula ambamo ni adimu. Badiliko la jeni za RAS ni kinyume cha hapo. Hupatikana kwenye saratani, hupatikana pia kwenye adenoma, na kulichukulia kama hukumu ni kosa la mara kwa mara. Muungano wa RET na jeni nyingine, uliogunduliwa mwaka 1987 na Alfredo Fusco na wenzake wa Italia, ulipata umaarufu wa huzuni ulipoonekana kwa wingi kwenye saratani za watoto waliopatwa na mionzi ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986.

Kwa kuwa hakuna jeni moja inayotosha, Wamarekani wametengeneza vipimo vinavyosoma nyingi kwa pamoja. Afirma ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2012, ilisoma jinsi jeni 167 zinavyofanya kazi. Ilinasa saratani 92 katika kila 100 lakini iliachia huru 52 tu katika kila 100 wasio nayo, yaani ilikuwa hodari wa kutuliza na dhaifu wa kushtaki. ThyroSeq ya toleo la 3, inayochunguza jeni 112, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ilipata 94 na 82. Vipimo vya namna hii hugharimu maelfu ya dola. Vitasomwa humu kwa undani kwa sababu ya mantiki yake, wala simshauri daktari wa Mbeya au Bukavu aahirishe kazi akivisubiri.

Na hapo kuna jambo linaloihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Katika nyanda za juu, mbali na bahari, udongo una madini joto haba, na rovu lilikuwa ugonjwa wa vijiji vizima kabla chumvi haijaanza kuongezwa madini hayo. Panapokosekana madini joto, sehemu ya saratani za folikula huwa kubwa zaidi. Yakitosheleza, papilari huchukua nafasi. Viashiria vingi vilivyosifiwa vilipimwa Italia, Marekani na Korea, kwa wagonjwa ambao wengi wao wana papilari. Anayezihamisha namba hizo kuja kwa mgonjwa mwenye rovu la miaka ishirini kutoka milimani amehamisha pia dhana ya kwamba wagonjwa ni wale wale. Kazi ya kupima viashiria rahisi, HBME-1 na galektini-3, kwenye vibonge vya nta vilivyojaa makabati ya hospitali zetu inamsubiri mtu mwenye subira zaidi ya fedha.

Anayesoma tafiti za fani hii aangalie tarehe. Mwaka 2016 kundi la kimataifa lililoongozwa na Yuri Nikiforov wa Pittsburgh lilipitia vinundu 109 vya aina ya papilari yenye sura ya folikula, vilivyozungukwa na ganda lisilotobolewa. Wagonjwa walikuwa wamefuatiliwa miaka 10 au zaidi, na hakuna hata mmoja aliyerudiwa na ugonjwa. Neno saratani likaondolewa kwenye jina la uvimbe huo. Vingi vya aina hiyo vina badiliko la RAS. Kwa hiyo kipimo kilichohesabiwa kuwa kilipatia mwaka 2015 kwa kunasa RAS kingehesabiwa kuwa kilikosea mwaka 2017, kwa kinundu kile kile, kwenye kioo kile kile.

Swali lenyewe pia linahama. Mwaka 1985 watafiti wa Finland walichunguza tezi za marehemu 101 waliofariki kwa sababu nyingine, wakakuta saratani ndogo za papilari kwa 36 kati yao. Korea Kusini, altrasaundi za uchunguzi zilipoenea, wagonjwa waliogunduliwa waliongezeka mara 15 kati ya 1993 na 2011, huku vifo vikibaki pale pale. Hospitali ya Kuma mjini Kobe, Japani, tangu mwaka 1993 huwafuatilia wenye saratani ndogo sana bila kuwapasua, na wengi wao vinundu havikui. Kujua kwamba ni saratani hakutoshi tena. Inabidi kujua ni saratani itakayodhuru. Kiashiria kinachoongoza katika hilo kwa sasa ni badiliko katika kichocheo cha jeni ya TERT, lililoelezwa mwaka 2013: likikutana na BRAF kwenye uvimbe mmoja, ugonjwa huwa mkali kuliko kila moja likiwa peke yake. Sura ya kwanza ya kitabu, hata hivyo, inaanzia kwenye sindano na kioo, na msomaji aliye karibu na hadubini aifungue akiwa nayo mezani.